Kigoda, Benchi na Kochi: Uhakiki wa Samani za Mbao Chini ya Mlima Meru

Wahakiki wetu wamezoea kuandika juu ya riwaya, tamthiliya na mashairi. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mapema kwamba kila kazi ya sanaa ina fani na maudhui, na kwamba kazi ya mhakiki ni kupima jinsi mambo hayo mawili yanavyochukuana. Mafunzo hayo ni mema. Lakini mwanafunzi huyo huyo, anapoandika majibu ya mtihani wake, amekalia kiti na daftari lake limelazwa juu ya meza, na juu ya vitu hivyo viwili hajaulizwa swali hata siku moja. Vimetengenezwa kwa mti gani? Vimeungwa kwa njia gani? Vinasema nini juu ya watu waliovitengeneza na watu wanaovitumia?

Katika makala haya tutajaribu kuzitazama samani za mbao kwa jicho lile lile tunalolitumia kutazama kazi za fasihi. Tumechagua jiji la Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna mkazi wa huko anayeweza kudai kwamba mti ni kitu kigeni kwake: juu yake upo msitu wa asili, chini ya msitu yapo mashamba ya miti ya serikali, na katika vihamba vya Wameru na mashamba ya Waarusha miti husimama pamoja na migomba na mibuni. Pili, jina la Arusha limefungamana na Azimio la mwaka 1967, na kwa hiyo na neno kujitegemea. Yafaa tuulize neno hilo lina maana gani pale mtu anapotafuta mahali pa kukaa.

Kabla ya kuendelea, tukumbuke kwamba lugha yetu yenyewe imekiheshimu kiti. Kiongozi wa kijiji, wa chama au wa mkutano tunamwita mwenyekiti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotaka kumuenzi Mwalimu Nyerere kwa cheo cha kitaaluma mwaka 2008, kilikiita Kigoda. Haifai, basi, kukidharau kitu ambacho kimetupa msamiati wa uongozi.

Tuanze na kigoda. Fani yake ni ya kipande kimoja. Mchongaji huchukua gogo, akaondoa kwa shoka na tezo kila kisichohitajika, na kinachobaki ni kalio na miguu ambavyo havijapata kutengana tangu mti ulipoota. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna kiungo kinachoweza kulegea. Mara nyingi miguu ni mitatu, na jambo hili lina hekima yake: kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata kikiwekwa juu ya ardhi isiyo sawa, maana nukta tatu sikuzote hukutana na uso mmoja, hali ya nne hubahatisha. Aliyegundua hivyo hakuwa amesoma jiometri darasani. Alikuwa na sakafu ya udongo na jicho la kuona. Miongoni mwa miti iliyopendwa na wachongaji wa upande huu wa nchi ni mringaringa, ambao hukubali chombo bila ugomvi, na ambao umetoa pia mizinga ya nyuki na vinu.

Maudhui ya kigoda ni utu wa mwenyewe. Kimechongwa kwa ajili ya mtu anayejulikana, kwa kimo chake, nacho huzeeka pamoja naye hadi kalio likang'aa kwa kukaliwa. Hata hivyo uhakiki si kusifu tu. Kigoda kilibeba pia daraja. Katika jamii zetu nyingi hakikuwa cha kila mtu. Kilimtenga mzee na kijana, na mara nyingi mwanamume na mwanamke. Tena kinakula mti: sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa vibanzi. Shule yenye watoto mia nne haiwezi kukalishwa juu ya vigoda bila kufyeka kilima kizima. Kwa hiyo wale wanaotukaripia kwa methali kwamba mwacha asili ni mtumwa, kisha wakaweka kigoda kimoja sebuleni kama pambo la kuonyesha wageni, hawajatujibu swali letu.

Kazi ya pili tunayoihakiki ni samani ya kuunga: benchi, meza, na lile kochi la mbao lililojaa katika nyumba za wafanyakazi na walimu katika miaka ya 1970 na 1980. Useremala wa kuunga mbao ulikuwapo Pwani kwa karne nyingi, kama milango na majahazi yanavyoshuhudia. Bara ulienezwa zaidi na karakana za misheni, mafundi wa Kihindi na shule za wakati wa ukoloni. Miti iliyotumika nayo ilikuwa ya mchanganyiko. Loliondo na podo ni wenyeji wa milima yetu. Lakini saiprasi na paina, ambazo leo ndizo mbao za kila siku za Arusha, asili yake ni Meksiko na nchi jirani zake. Na mgrevilea, unaowapa kivuli mibuni ya Meru, ulitoka Australia. Hali kadhalika mbuni wenyewe uliletwa.

Je, samani hizo si zetu? Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni mwaka 1962, alieleza wazi kwamba kufufua utamaduni wetu hakumaanishi kuukataa wa watu wengine. Kipimo, basi, si cheti cha kuzaliwa cha mti. Kipimo ni kama sisi tumeutawala ufundi huo au ufundi huo umetutawala sisi.

Kwa kipimo hicho, lile kochi la zamani lafaulu. Fremu yake ya mbao iko wazi, fito za mgongo zahesabika, na chini ya mito ya sponji imevutwa mikanda iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Anayelitazama anaona limejengwaje. Mkanda ukikatika, kijana wa nyumba anafunga mwingine. Mto ukichakaa, anashona mwingine. Juu ya mgongo wa kochi hilo kilitandikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, mara nyingi na mama mwenye nyumba. Wasomi wengine walivicheka vitambaa hivyo. Sisi twaona kwamba vilikamilisha maudhui: kazi ya seremala na kazi ya mfumaji zilikutana mahali pa kumpokelea mgeni, na mgeni alikalia jasho la watu wawili waliojulikana kwa majina.

Sasa tuje kwenye kazi ya tatu, yaani kochi kubwa la leo, lile linalopangwa kandokando ya barabara za jiji likiwa limefunikwa nailoni ili vumbi lisiliguse. Kwa macho ni la kifahari. Tulipata nafasi ya kulifungua moja lililovunjika, baada ya kutumika kwa muda usiofika miaka miwili. Chini ya kitambaa kinene tulikuta vipande vya mbao mbichi vya kila namna, vingine vikiwa na magamba ya mti bado, vimegongomelewa misumari ncha kwa ncha. Na pale palipohitajika ubao wa kuzibia, palikuwa na boksi la karatasi. Karibu yake yapo makabati na meza zilizopakwa rangi nzito ili saiprasi idhaniwe kuwa mninga, na zile zilizoagizwa kutoka ng'ambo, za unga wa mbao ulioshindiliwa, ambazo maji yakizipata huvimba na haziwezi kurandwa tena.

Hapa ndipo fani na maudhui yanapogombana. Fani yasema utajiri. Maudhui ni ufukara uliofunikwa. Katika fasihi tungemwita mwandishi wa namna hiyo mwongo, maana amepanga maneno makubwa juu ya wazo ambalo halipo. Saiprasi haina aibu yoyote. Ni mbao nyepesi, yenye harufu nzuri, inayorandika vyema. Aibu huja inapolazimishwa kusema kwamba yenyewe ni mninga.

Hata hivyo tusiharakishe kumhukumu fundi. Fundi wa kandokando ya barabara hulipwa kwa bei ambayo mnunuzi amekubali, na mnunuzi hutazama kitambaa, hapindui kochi kutazama chini. Tukimdai fundi mbao kavu na kiungo cha ulimi na tundu, huku tukimlipa fedha ya misumari na boksi, sisi ndio tulioiandika kazi hiyo mbovu. Na mnunuzi mwenyewe hawezi kulaumiwa peke yake, kwa kuwa hajafundishwa kuona. Hoja yetu kuu ndiyo hii: mtu ambaye hajapata kuunda hata benchi moja kwa mikono yake hana macho ya kuhakiki kiti. Taifa linalopoteza mkono wa kutengeneza hupoteza pamoja nao jicho la kupima, na likishapoteza jicho hilo litauziwa chochote.

Jambo hili lilikwisha kuonwa. Katika kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea cha mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka kila shule iwe na shamba au karakana kama sehemu yake halisi. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari ziliwekewa mikondo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Lakini katika shule nyingi neno karakana lilisahaulika, likabaki jembe, na jembe lenyewe likageuzwa kuwa adhabu ya mchelewaji. Matokeo yake tuliyaona mwaka 2016, nchi nzima ilipohamasishwa kuchangia madawati kwa sababu watoto walikuwa wakikaa sakafuni. Kampeni hiyo ilikuwa ya lazima na ilifanya kazi njema. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: ilikuwaje watoto wakae chini katika nchi yenye misitu, miaka karibu hamsini baada ya kijitabu kile? Walikosa mbao, au walizungukwa na watu wazima ambao hawakujua kwamba dawati ni kitu kinachoweza kutengenezwa na mtu kama wao?

Sasa mtaala wa sekondari umewekewa mkondo wa amali, ulioanza kufundishwa mwaka 2024. Tunaupokea kwa matumaini, kwa sharti kwamba usiwe mlango wa nyuma wa wale wanaodhaniwa hawawezi masomo. Tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi, awe wa amali au wa fasihi, msichana au mvulana, aunde angalau benchi moja nyumbani kwao kabla ya kumaliza kidato cha nne.

Benchi hilo lisiwe la ajabu. Urefu wa sentimita 120, upana wa 30 na kimo cha 45 vyatosha kuwakalisha watu wawili kwa raha. Mbao za inchi mbili kwa tatu zafaa kwa miguu na mihimili, na mbili za inchi moja kwa sita kwa kalio. Mgrevilea wa kihamba au saiprasi ya dukani itafaa, ili mradi iwe kavu. Mbao mbichi zipangwe kivulini, vijiti vikitenganisha safu moja na nyingine ili hewa ipite. Mwanafunzi atajifunza hapo kwamba ubao ukikauka hupungua upana lakini urefu wake haubadiliki sana, na kwamba msumari uliopigwa katika mti mbichi hulegea mti unapokauka. Atakata ulimi wenye unene wa theluthi ya mbao, atachimba tundu lake kwa patasi, na mara ya kwanza atakosea. Kosa hilo ndilo somo. Msumeno, randa, patasi na nyundo si vyombo vya kutisha, na seti moja yaweza kutumiwa na darasa zima kwa zamu. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo; shule isiyo na nyenzo isishangae mti ukibaki msituni.

Hatutarajii kwamba wanafunzi hao wote watakuwa maseremala. Mafundi wataendelea kuwapo, na tunataka wawepo na walipwe vizuri zaidi. Tunachotarajia ni kwamba siku mwanafunzi huyo, akiwa mwalimu, daktari au mkulima, atakapokwenda kununua kochi, ataliinamisha, atatazama chini yake, na kuuliza swali ambalo fundi mwema amelisubiri miaka mingi: hapa umeunga vipi?

Kwa kumalizia, kigoda kilitufundisha kumjua mwenye kiti, na kochi la mbao lilitufundisha kuacha kazi ionekane. Kochi la boksi na misumari nalo lina funzo lake, tukikubali kulifungua. Mwalimu atakayesoma makala haya aanze na samani iliyo karibu naye zaidi. Aipindue meza yake mbele ya darasa, na wanafunzi waandike uhakiki wake.