Mwalimu Aliyetazamwa

Mtoto wa Kenya aliyekulia mbali na mji hana haja ya kuelezwa jinsi mgeni mweupe anavyopokewa njiani. Alipotokea tu tulitoka mbio, tukapiga kelele "Mzungu! Hau ayu!", na alipojibu tulicheka mpaka tukaanguka. Hatukupata kumwuliza kama kicheko kile kilimpendeza. Kitabu ninachotaka kukipima hapa kimeandikwa na mtu aliyelakiwa vivyo hivyo kwa miaka miwili, ingawa si kwetu, bali huko China.

Kitabu chaitwa River Town, nacho kilitoka mwaka 2001. Mwandishi wake, Peter Hessler, ni Mmarekani aliyesoma Princeton na Oxford. Alipelekwa na Peace Corps, shirika lile lile lililoleta walimu katika shule nyingi za Kenya, akafundishe Kiingereza katika chuo cha ualimu cha Fuling, mji wa vilima na ngazi uliopo mahali mto Wu unapoingia Yangtze. Alifika usiku kwa meli, mwishoni mwa Agosti 1996, maana siku hizo Fuling haikuwa na reli. Yeye na mwenzake mmoja walikuwa Wamarekani wa kwanza kuishi pale kwa muda wa karibu nusu karne.

Basi kwenda sokoni tu kulikuwa kazi. Watu walisimama, wakakusanyika, wakamwita waiguoren, yaani mtu wa nchi ya nje, wengine walimpigia "Halo!" nyuma ya mgongo kisha wakacheka. Hessler hafichi kwamba mambo hayo yalimchosha, hata mara nyingine yakamtia hasira. Nampenda kwa kuwa hajifanyi mtakatifu.

Walakini uzuri wa kitabu hauko katika malalamiko hayo. Darasani Hessler ni bwana. Wanafunzi wake, wengi wao watoto wa wakulima, wanaigiza Hamlet, wanabishana kama mtu wa namna ya Robin Hood angefaa katika China ya leo, naye husikiliza kwa furaha na mara nyingine kwa mshangao. Akitoka darasani mambo hugeuka. Mwalimu wake wa Kichina, mwanamke asiye na mzaha, kila akikosea humwambia neno moja: budui, si sahihi. Hamwambii kwanza kwamba amejitahidi. Mmarekani huyu aliyezoea kusifiwa kabla ya kusahihishwa analichukia neno hilo, analisikia hata akiwa peke yake, na ni hilo linalomsukuma kujifunza. Ewe kijana unayenung'unika daftari lako linaporudi limejaa wino mwekundu, soma kurasa hizo mara mbili.

Kadiri Kichina chake kinavyokua, anazaliwa mtu wa pili, Ho Wei, kwa jina alilopewa huko. Ho Wei ni mzito wa akili, matamshi yake yanachekesha, hajui mambo ambayo mtoto mdogo wa Fuling anayajua. Watu wanampenda kwa sababu hiyo hiyo, wala hawaoni haya kumfungulia mioyo. Hapa ndipo mwandishi anapofanya jambo adimu: anatuonyesha kwamba msomi wa Oxford alisikia machache, na mjinga Ho Wei akasikia mengi. Kati ya sura ndefu ameweka sura fupi za watu wa mji, padri mzee, mwenye mkahawa, mwalimu, na ndani yake yeye mwenyewe karibu anatoweka.

Sasa nina shaka moja, wala siwezi kuinyamazia. Mtu huyu anaumia kwa kutazamwa, lakini kazi yake yote ni kutazama. Anachukua insha za wanafunzi wake, zilizoandikwa ili zipewe alama, anaziweka mbele ya wasomaji wa Marekani. Kijana aliyeandika juu ya umaskini wa nyumbani kwao alidhani anamwandikia mwalimu. Mwandishi anawanukuu kwa upendo, hilo nakubali. Upendo si ruhusa.

Wengine watamtetea kwamba kama asingetazama tungekosa habari za mji ambao sehemu zake za chini zilifunikwa na bwawa la Three Gorges, lililoanza kujaa mwaka 2003. Ni kweli kwa kiasi. Lakini watu wa Fuling walikuwa na mwamba wao, Baiheliang, ambao kwa zaidi ya miaka 1,200 walichonga juu yake samaki na maandishi ya kupima kina cha mto. Walijua kuandika habari zao kabla hajaja mgeni.

Karibu na mwisho wa kitabu, mwaka 1998, Hessler na mwenzake wanachukua kamera ya video, waende nayo mjini kupiga picha za ukumbusho. Mtu mmoja anawazuia kwa hasira, umati unawazunguka, wanasukumwa, wanaondoka kwa shida. Mwandishi anasimulia kwa huzuni ya mtu aliyedhani amekwisha kuwa mwenyeji. Mimi nilipofika hapo nilimfikiria zaidi yule mwenye hasira. Ndiye pekee katika kitabu kizima aliyemwambia budui juu ya kamera, na kitabu hakitupi jina lake.