Maua ya Kutambaa kwa Nyua za Gisenyi

Nyua za Gisenyi, mji wa Rwanda kando ya Ziwa Kivu, hujengwa kwa mawe meusi ya volkano, kwa seng'enge iliyokazwa kwenye nguzo za mikaratusi, au kwa fito za mianzi. Uchaguzi wa ua la kutambaa huanzia hapo, rangi ikifuata baadaye, kwa sababu kila mmea una namna yake ya kupanda na uzito wake.

Bogenvilia, yenye asili ya Brazili, haina vikono wala haijizungushi. Hujiegemeza kwa miiba na matawi marefu, hivyo haina budi kufungwa kwa kamba au waya kila inaporefuka. Shina lake hugeuka mti, na ikizeeka huweza kulaza uzio wa mianzi. Mahali pake ni ukuta wa mawe, lakini ukuta mzima: matetemeko yaliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 yaliharibu majengo mengi wilayani Rubavu, Gisenyi ilipo, na ukuta wenye ufa haufai kuongezewa mzigo.

Rangi yake kali si ya petali bali ya majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, katikati yake. Mmea huu huchanua vizuri ukionja ukavu, na hilo ndilo gumu lake Gisenyi, mji ulio karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari na wenye misimu miwili ya mvua. Maji mengi huleta majani matupu. Udongo wa volkano husaidia kwa kuwa hupitisha maji upesi, tena una rutuba ya kutosha. Kuumwagia samadi kila mara ni kuharibu maua kwa mkono wa mwenyewe. Bogenvilia ipewe jua la kutwa, na ipogolewe maua yakiisha, maana huchanua kwenye machipukizi mapya. Mizizi yake hukatika kirahisi, hivyo mche utolewe kwenye kiriba bila kutikisa udongo.

Seng'enge inafaa marakuja. Vikono vyake hushika waya mwembamba, ila haviwezi kukumbatia nguzo nene wala ukuta. Aina yenye matunda ya rangi ya zambarau hupenda nyanda za juu, na ua lake jeupe lenye nyuzi za zambarau linashindana na ua lolote la mapambo. Kasoro ni maisha mafupi: baada ya miaka michache hunyauka kwa maradhi ya mizizi, na haifai kupandwa tena katika shimo lile lile.

Thunbergia alata ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, mwenye maua ya rangi ya chungwa na kitovu cheusi. Hujizungusha mwenyewe, ni mwepesi, na huota kwa mbegu. Ndugu yake wa Asia, Thunbergia grandiflora, ana maua ya samawati ya kuvutia mno, lakini hufunika miti hadi kuiua. Huko kaskazini mwa Australia amekuwa balaa. Asipandwe karibu na miti.

Yote hupandwa mvua zinapoanza, Septemba au Machi, sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani, ambako mvua hufika na msingi hauzuii mizizi. Kwa uzio wa mianzi, ambao hata hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka michache, Thunbergia alata ndiyo chaguo bora.