Je, Kuna Mtu Haramu? Kasesya, Wahabeshi na Fiqhi ya Mpaka

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Kuna neno ambalo limeingia misikitini mwetu bila ya kubisha hodi. Lilianzia katika taarifa za polisi na uhamiaji, likapita magazetini na redioni, na leo linasikika hata juu ya mimbari. Neno hilo ni "wahamiaji haramu". Katika makala haya tunalihakiki kwa mizani ya fiqhi na historia, kwani tunaona limeharibu mambo mawili kwa pamoja. Limeharibu istilahi ya sheria, na limetuzoesha kuwatazama wanaadamu kama mzigo wa magendo.

Mpaka wa Kasesya ulitoka wapi?

Msomaji wa Sumbawanga anaijua Kasesya. Ukitoka mjini ukapita Matai, unafika penye kizuizi. Ng'ambo ni Zombe, na mbele yake ni Mbala nchini Zambia. Wamambwe wako huku na wako kule, na Walungu vilevile. Ndoa zinavuka, misiba inavuka, mahindi na maharage yanavuka.

Mstari huo haukuchorwa na wazee wa Ufipa wala wa Umambwe. Ulichorwa Berlin, katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani. Wakubwa hao walikubaliana kwamba mpaka ukifika nyuzi 32 za longitudo mashariki, unyooke hadi panapokutana matawi mawili ya mto Kalambo, kisha ufuate mto mpaka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume yao ya pamoja ikaja kuupima. Miaka 20 baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, ilikuwa ni Mbala hiyohiyo, wakati huo ikiitwa Abercorn, ambapo Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha. Vita vya Wazungu vikaisha, mstari wao ukabaki.

Hapa wapo vijana wetu wanaodakia: "Basi mpaka wa kikafiri haumfungi Muislamu." Hoja hii ni nyepesi. Tulipopata uhuru, ni Afrika yenyewe, katika mkutano wa wakuu wa nchi huko Cairo mwezi Julai 1964, na Tanganyika na Zanzibar zikiwa zimeshaungana, iliyoamua kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, kwa kuchelea kumwaga damu. Hilo limekuwa ni ahadi. Na Suratul Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi, bila ya kuuliza ni nani aliyechora ramani.

Maulamaa waliliona jambo hili mapema. Imam Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa aliyefariki mwaka 189 Hijria, aliandika juu ya siyar, yaani sheria za mahusiano ya mataifa, karne nyingi kabla Ulaya haijawa na elimu hiyo. Na Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika pwani na bara, hakutofautiana naye katika msingi huu: Muislamu akiingia katika nchi ya watu kwa amani waliyompa, ni haramu kwake kuwafanyia khiyana. Viza ya leo ni katika sura za amani hiyo. Kwa hivyo anayeghushi mhuri, anayehonga, na anayepitisha watu porini usiku kwa malipo, asitafute kichaka cha kujifichia katika fiqhi.

Haramu ni kitendo

Lakini kukiri hayo hakuhalalishi lile neno. Mwanafunzi wa usul-fiqh anafundishwa siku za mwanzo kwamba hukumu tano zinafungamana na vitendo vya mukallaf. Imam Ghazali amelifafanua hili katika al-Mustasfa: uharamu si sifa inayokaa katika dhati ya kitu. Tukisema nguruwe ni haramu, makusudio ni kumla. Ikiwa hata nguruwe hali yake ndiyo hiyo, vipi mwanaadamu, ambaye Allah ametaja katika Suratul Israa kuwa amemtukuza, aitwe yeye mwenyewe haramu? Kuvuka bila ya kibali ni kosa, na liitwe kosa. Aliyevuka ni mtu.

Huu si mzozo wa maneno matupu. Mwezi Juni 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, na maiti zao zikatupwa Chitego, wilayani Kongwa. Machi 2020 maiti 64 zilikutwa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Tarehe 11 Disemba 2022 maiti 27 za watu walioaminika kuwa ni Waethiopia zilikutwa zimetupwa Ngwerere, kaskazini ya Lusaka. Mmoja alikutwa bado anahema. Hatusemi kwamba hao walipita Kasesya. Tunasema Kasesya ni mlango mmojawapo wa njia hiyohiyo iendayo Afrika ya Kusini, na madereva, wenye nyumba za wageni na wabadilisha fedha wa njia hiyo wamo pia wanaoswali pamoja nasi.

Tujiulize: ni misikiti mingapi iliyowaswalia? Katika madhehebu ya Shafi swala ya ghaibu inajuzu, na dalili yake kubwa ni Mtume (s.a.w.) kumswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Akisema mtu, "Hatujui nani kati yao alikuwa Muislamu," jibu limo katika vitabu tunavyosomesha. Imam Nawawi ameeleza katika al-Minhaj kwamba maiti za Waislamu zikichanganyika na za wasiokuwa Waislamu zisipambanuke, wote huoshwa na huswaliwa, kwa nia ya kuwakusudia Waislamu. Kitabu tunacho. Kilichokosekana ni kuwaona wale kuwa ni maiti wetu.

Deni la Uhabeshi

Ajabu kubwa ni kwamba watu hawa wanatoka katika nchi ambayo umma huu una deni nayo. Katika mwaka wa tano wa Utume, masahaba walivuka bahari wakakimbilia Uhabeshi. Makureshi wakamtuma Amru bin al-As na mwenziwe, wakiwa na zawadi za ngozi, wadai warudishiwe watu wao. Najashi hakuwakabidhi kwa zawadi. Alimwita Jaafar bin Abi Talib, akamsikiliza, kisha akahukumu. Zawadi zikarudishwa. Mfalme yule alitanguliza kusikiliza kabla ya kufukuza. Leo lori linakamatwa, na neno "haramu" limeshahukumu kabla mtu hajafungua mdomo.

Watetezi wa ukali watatutajia Hudaybiya, mwaka wa sita Hijria, pale Abu Jandal alipofika na minyororo miguuni akarudishwa kwa baba yake, Suhayl bin Amru. Ni hoja nzito, nasi hatuikimbii. Hudaybiya inathibitisha kuwa dola inaweza kufungwa na mkataba wa kurudisha watu. Lakini tuisome yote. Mtume (s.a.w.) alimuomba kwanza Suhayl amwachie kijana yule, alipokataa, alimliwaza Abu Jandal na kumpa matumaini. Hakumtia jela, hakumtukana. Na waumini wanawake walipohama, Suratul Mumtahina ikakataza wasirudishwe. Basi kurudisha mtu kwao kuna mlango katika sheria. Kumdhalilisha hakuna.

Hapa ndipo ukosoaji wetu unapoigusa siasa ya nchi. Tunajua hofu ya usalama si ya kubuni: Dar es Salaam na Nairobi zilipigwa mabomu tarehe 7 Agosti 1998, na mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilishambuliwa kutoka Msumbiji. Dola ina haki ya kulinda. Lakini kwa miaka mingi Waethiopia waliokamatwa wamepelekwa mahakamani, wakashindwa faini, wakajaza magereza, mpaka Shirika la Kimataifa la Uhamiaji likasaidia kuwarejesha baadhi yao. Tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2008, ambayo inampambanua msafirishaji na aliyesafirishwa. Angalia hata jina lake: kilichoitwa haramu humo ni usafirishaji, si binadamu.

Wala ukarimu si mgeni katika nchi hii. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha uamuzi wa kuwapa uraia watu wapatao 162,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972. Makazi yao ya Katumba na Mishamo yalikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa mpaka ulipoundwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012. Walilima, wakazaa, wakazikana na wenyeji. Mwaka 2024 Zambia ilipokumbwa na ukame, tukakubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Gunia lilipata karatasi yake na heshima yake. Haifai gunia lipewe heshima aliyonyimwa mtu.

Tunachokiomba

Kwa maimamu: liacheni neno hili. Semeni "waliovuka bila ya kibali", kisha semeni wazi kwamba ujira wa kumfungia mtu ndani ya kontena ni haramu, kwani ijara haiswihi juu ya maasi na maangamizi. Tunawaombea dua watu wa Gaza, na ni wajibu wetu. Basi isiwe dua yetu inavuka bahari na kuliruka lori lililosimama Sumbawanga.

Kwa kamati za zakka: ibn sabil ametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Mashafi wameshurutisha safari yake isiwe ya maasi. Rai yetu ni kwamba kutafuta riziki ni jambo la mubaha, na dosari ya kibali haimtoi mwenye njaa katika fungu hilo, hasa akitaka kurejea kwao. Kumlisha na kumuuguza aliyekamatwa, kwa ujuzi wa wenye mamlaka, si kumficha.

Kwa wenye mamlaka: msikieni kabla ya kumhukumu, mrudisheni kwa salama, na mkono wa sheria umfuate mwenye lori.

Tukipatia, ni kwa taufiki ya Allah. Tukikosea, ni kutokana na nafsi zetu, na tunawaomba maulamaa watusahihishe. Wallahu aalam.