Wimbo wa Mdaiwa

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika Australia wageni walikuja, na wenyeji hawakupona. Habari hiyo imetiwa katika wimbo wa kundi la Midnight Oil uitwao "Beds Are Burning", yaani Vitanda Vinaungua, uliotolewa mwaka 1987. Tumeusikiliza mara nyingi, nasi twataka kuwaeleza wasomaji wetu uzuri wake na upungufu wake.

Kwanza yafaa kujua asili yake. Wapintupi ni watu wa jangwa la magharibi. Serikali iliwakusanya wengi wao Papunya, kilomita 240 hivi kutoka mji wa Alice Springs, mbali na visima vyao na mahali pao patakatifu. Na huko wengi waliugua wakafa. Mwaka 1981 walianza kurudi kwao, wakakaa Kintore. Mwaka 1986 waimbaji wa Midnight Oil, ambao ni Wazungu, walizuru vijiji vya jangwani pamoja na Warumpi Band, kundi la Papunya. Wimbo huu ni tunda la safari hiyo.

Uzuri wake ni huu: mwimbaji hajifanyi Mpintupi, wala hajitwalii kilio cha mwenziwe. Asimama mahali pa mdaiwa, akiri kwamba watu wake wakaa katika nyumba isiyo yao, na kodi hawajalipa. Tena asema kwamba haki ni kurudisha. Hata jina la wimbo lina hoja, maana mwenye deni hana usingizi.

Walakini una upungufu. Mdundo wake wachezesha mno, hata wengi katika nchi nyingine waliucheza wasijue Kintore ni wapi. Tena sauti ya wenye nchi haimo. Atakaye kuisikia, na asikilize pia "Jailanguru Pakarnu", ambao Warumpi Band waliutoa mwaka 1983 kwa lugha ya Kiluritja.

Je, wimbo huu umefaa nini? Mwaka 2000, michezo ya Olimpiki ilipofungwa Sydney, waliuimba wamevaa nguo nyeusi zilizoandikwa neno la kuomba radhi, mbele ya Waziri Mkuu John Howard, aliyekuwa amekataa kuomba radhi kwa niaba ya serikali. Radhi iliombwa mwaka 2008 na Waziri Mkuu Kevin Rudd. Lakini ilihusu hasa watoto walionyang'anywa wazazi wao, si ardhi.

Basi tusiusifu kupita kiasi. Wapintupi hawakuungoja, ulipotoka, walikuwa wamekwisha kurudi kwa miguu yao wenyewe. Wimbo haukumrudisha mtu kwao. Ulimwamsha aliyelala katika kitanda cha mwenziwe, na kazi hiyo uliifanya vema. Lakini kukiri deni si kulipa, na aliyeamshwa hana budi kuondoka kitandani.