Kujuta na Kutubu: Neno Moja la Mathayo

Hapa Kabuga, pembezoni mwa Kigali, wahubiri hupenda kutenganisha watu wawili: anayejuta na anayetubu. Wa kwanza analilia adhabu. Wa pili amegeuka. Mfano wa anayejuta ni Yuda. Biblia ya Union Version ya 1952 inasema alijuta, haisemi alitubu.

Hoja hiyo ina msingi, ila haitoshi. Yohana Mbatizaji anapowaita watu watubu, Mathayo anatumia kitenzi cha Kigiriki metanoeo, yaani kubadili nia. Kwa Yuda, katika sura ya 27, anatumia metamelomai, yaani kuumwa moyoni kwa ulilotenda. Lakini tutazame sura ya 21, kwenye mfano wa wana wawili. Mmoja alikataa kwenda shambani, baadaye akaenda. Kitenzi cha hapo ni metamelomai vilevile, ila wafasiri wetu wameandika kwamba mwana huyo alitubu.

Kwa nini neno moja lifasiriwe kwa namna mbili? Naona wafasiri walitazama mwisho wa kila hadithi: mwana alifika shambani, Yuda alijinyonga. Uamuzi huo unaeleweka, lakini unamhukumia msomaji kabla hajasoma. Yuda alirudisha vipande 30 vya fedha na kukiri kosa lake. Wakuu wa makuhani wakamjibu kwamba hayo hayawahusu. Tukishaambiwa kwamba yalikuwa majuto tu, hatuwaulizi wakuu hao chochote.

Kwetu Rwanda swali hili halikai darasani. Sheria ya Gacaca ya 2004 iliwapunguzia adhabu washiriki wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 waliokiri, wakaomba msamaha, na kufanya kile ambacho Kinyarwanda hukiita kwicuza. Ukilifasiri neno hilo kuwa kujuta, umemwona mtu mmoja. Ukilifasiri kuwa kutubu, umemwona mwingine. Aliyefiwa ana haki ya kutoamini lolote kati ya hayo. Mfasiri hana haki ya kumwamulia.

Kwa hiyo ningeandika "alijuta" katika sura zote mbili. Mwana yule alijuta tu, na majuto hayo yalimfikisha shambani. Tofauti yake na Yuda tuitafute katika alikokwenda baada ya kujuta, na katika waliompokea.