Runinga ya Boksi la Sabuni: Jamani, Nendeni Mkaione!

Niseme kabla pumzi haijanirudia vizuri: kifaa bora cha kufundishia kusoma nilichowahi kukiona kwa macho yangu hakina betri wala chaja, na kimekatwa kwa wembe kutoka kwenye boksi la sabuni ya unga. Kipo Handeni, mkoani Tanga, kwenye darasa la kwanza la shule moja ya msingi ya serikali. Walimu wanakiita runinga, na ukiwaona watoto wanavyokigombania utakubali kwamba ndiyo runinga yenyewe.

Mbele kina madirisha mawili. Ndani zimepitishwa tepe mbili za karatasi ya manila zenye silabi zilizoandikwa kwa kalamu nene, kwa mwandiko safi wa mwalimu wa zamani. Dirisha la kushoto linapitisha ba, be, bi, bo, bu. La kulia linapitisha ga, ge, gi, go, gu. Binti mmoja anaitwa mbele, anavuta utepe wa kushoto, anasimama kwenye bo. Anavuta wa kulia, anasimama kwenye ga. Midomo inacheza kwanza bila sauti, halafu: "Boga!" Makofi. Anafuata mwingine, anapata bega, na papo hapo mikono ya darasa zima inaruka mabegani bila kuamrishwa na mtu. Begi! Kila mmoja anainua lake, na asiye na begi anainua mfuko wa plastiki. Halafu kijana wa dawati la mwisho anavuta, inatokea bu na ge. "Buge." Mwalimu anauliza taratibu, "Ni neno hilo?" Darasa linalipuka: "Siyo nenooo!"

Hapo ndipo nilipopagawa. Maana kukariri ba be bi bo bu kwa wimbo sote tulikariri, na wengi wetu tuliimba mwaka mzima bila kujua tunachosoma. Mtoto anayeimba tu ataimba na "buge" kwa furaha ileile. Anayelikataa ameshajua kwamba maandishi yanabeba maana, na kwamba yeye ndiye mwenye kuamua. Tepe mbili za silabi tano tano zinatoa michanganyiko 25, na mingi kati ya hiyo si maneno, kwa hiyo hakuna mahali pa kupumzisha akili. Kiswahili nacho kinasaidia: kinaandikwa kinavyotamkwa. Silabi zikishaingia, mtoto huyohuyo anaweza kusoma gunia la mbolea, bango la zahanati na jina la basi linalopita. Na kwa nyumba nyingi za huku, ambako Kizigua ndicho kinachotawala jikoni, mchezo wa neno na siyo neno unamwongezea mtoto msamiati wa Kiswahili bila yeye kuhisi kwamba anafundishwa lugha. Mwalimu ananiambia anatengeneza ya madirisha matatu, ili samaki na kitabu viingie. Michanganyiko 125 kwenye boksi moja la sabuni! Nikamwomba anioneshe hata ile ambayo haijakauka gundi.

Gundi yenyewe ni uji wa unga wa muhogo.

Tangu 2015 madarasa ya chini yamekuwa na mtaala uliojikita kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Januari 2024 ukaja mtaala mpya, ukianzia awali, darasa la kwanza na la tatu. Unataka mtoto aoneshe anachoweza kufanya. Kwenye karatasi hayo ni maneno mazuri. Kwenye darasa hili ni vidole vya mtoto vinavyovuta utepe.

Na mkoa huu si mgeni wa majaribio. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2019, karibu watoto 2,700 katika vijiji vipatavyo 170 vya Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza Kiswahili na hesabu, katika mashindano ya kimataifa ya XPRIZE yaliyosimamiwa huku na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali. Vijijini kukawekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kukaa darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana ushindi, kila moja ikachukua dola milioni 5. Ninalishangilia jambo lile kwa moyo wote! Lakini angalieni kilichofanya kazi kule na kinachofanya kazi kwenye boksi hili: mtoto kapewa kitu mikononi, anajaribu, anakosea, anajaribu tena, na hakuna anayemnyang'anya ili amwoneshe. Hilo linawezekana kwa dola milioni 5 na linawezekana kwa wembe na uji wa muhogo.

Tuhamie darasa la pili, maana bado sijasema habari za vijiti.

Swali ubaoni ni 32 kutoa 7. Mbele ya msichana mmoja kuna mafungu matatu ya vijiti kumi kumi, kila fungu limefungwa kwa uzi wa katani, na pembeni vijiti viwili vilivyo huru. Anatakiwa kutoa saba. Anavishika vile viwili, havitoshi. Anamtazama mwalimu, mwalimu anatazama dirishani makusudi kabisa. Msichana analiangalia fungu. Anafungua uzi kwa meno! Vijiti kumi vinamwagika mezani, sasa vilivyo huru ni 12, anatoa saba kimoja kimoja, vinabaki vitano, na mafungu mawili hayajaguswa. "Ishirini na tano." Kile tulichoambiwa "kopa moja kwa jirani" bila kujua jirani ni nani, yeye amekifungua kwa meno yake. Hatakuja kukisahau huyu.

Na ule uzi! Tuko kwenye nchi ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, ikafika Tanga hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yote unayoyaona ukipita Korogwe. Leo katani ileile inafunga makumi ya darasa la pili, na imetandazwa ukuta hadi ukuta kama kamba ya kuanikia nguo, ikiwa imebeba kadi za maneno.

Ukitoka Handeni, lami ya kilomita 65 inakushusha hadi Korogwe, na huko nilikutana na siku ya maonesho ya zana. Wazazi wamejaa, kina mama wa kanga na kina baba waliotoka shambani moja kwa moja, wote wamekalishwa kwenye madawati ya watoto. Watoto ndio walimu. Kona iliyoniteka ni duka: makopo na maboksi matupu ya chumvi, majani ya chai na kiberiti, bei zimeandikwa, noti zimekatwa kwenye karatasi. Muuza duka ana miaka saba hivi.

"Karibu mama, nikupe nini?"

"Nipe chumvi, mwanangu."

"Mia sita."

Mama anatoa noti ya karatasi ya elfu moja. Mtoto anahesabu kwa sauti kutoka mia sita kwenda juu, mia saba, mia nane, mia tisa, elfu, anamwekea mkononi mia nne. Mama anamgeukia jirani yake: "Shoga, huyu ni wangu! Mimi nyumbani namtuma dukani na dada yake!" Nani kawahi kuona kikao cha wazazi na walimu ambacho watu wanakataa kuondoka?

Kasoro zipo, na nazisema kwa sababu nataka kitu hiki kidumu. Mvua ikivuja paa, manila imekwisha. Mchwa wanaipenda kuliko watoto. Kipimo cha taifa ni mwanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na darasa likizidi hapo, runinga moja haitoshi hata kidogo: wanaovuta ni walewale wachangamfu, na yule mpole wa nyuma anaitikia tu. Kila meza inahitaji yake. Na linaloniuma zaidi, ukivuka darasa la pili kuta zinaanza kuwa tupu. La tatu nimekuta ramani moja, la nne ratiba peke yake. Kwani sehemu hazihitaji kushikwa? Chungwa ukilikata nusu na robo mbele ya mtoto, nani atahitaji kukariri?

Korogwe ina Chuo cha Ualimu hapohapo mjini. Wanachuo wakienda mafunzo kwa vitendo, kila mmoja angeweza kuacha zana moja ya darasa la tatu au la nne. Na wewe mzazi, usisubiri siku ya maonesho. Beba maboksi yako matupu, nenda ofisini kwa mwalimu mkuu, omba ukae nyuma kipindi kimoja cha kusoma cha darasa la kwanza. Nenda asubuhi, wakiwa bado na nguvu za kupiga kelele.