Shanta la Safari ya Kurudi

Langoni Machame kuna mizani. Kabla mpagazi hajaukanyaga Mlima Kilimanjaro, mzigo wake hupimwa pale, na ukizidi kilo 20 lazima upunguzwe. Nilisimama mbele ya mizani ile miaka sita, masika na kiangazi, ngata kichwani, na hesabu niliyoijua ilikuwa moja tu: kilo. Siku hizo shanta zuri nililiona kuwa mali ya mgeni. Sisi wagumu, maana ndivyo tunavyojiita, tuliyatia mashanta ya wageni ndani ya viroba tukayabeba kichwani au kisogoni, mikanda yake ya thamani ikiwa imekunjwa ndani isitusumbue.

Kwa hiyo nilipohamia Colorado, Marekani, na jirani yangu mzee akanialika nimsindikize kuwinda wapiti, sikudhani kuna mtu wa kunifundisha kubeba. Wapiti ni kulungu wa milima ya Rocky. Dume lake hukaribia kimo cha ng'ombe na uzito wake hufika kilo 300 na ushei. Kibali kilikuwa cha mzee, bunduki ya mzee. Mimi nilikuwa mgongo. Nikaenda dukani nikanunua shanta la bei nafuu, lenye mifuko kumi na miwili, rangi ya majani makavu, na picha ya pembe imetariziwa kwenye mfuniko. Asubuhi ya kwanza lilinikaa kama nimezaliwa nalo. Ndani mlikuwa na chupa ya maji, mkate, koti la mvua na kisu.

Hapo ndipo penye mtego. Asubuhi kila shanta ni zuri.

Dume lilianguka saa tisa na nusu alasiri, kilomita tano kutoka kwenye gari. Mzee alivua kofia, akakaa juu ya gogo muda mrefu bila kusema neno. Kisha akanoa kisu. Hakupasua tumbo, alichuna ubavu mmoja, akatoa mkono, paja, sarara na nyama ya shingo, tukamgeuza mnyama, akarudia upande wa pili. Kila kipande kiliingia kwenye mfuko wake wa pamba, ili kipumue na nzi wasikifikie. Mifupa ya mapaja aliitoa palepale, kwa sababu joto hujificha kwenye kiungo cha nyonga na nyama huanza kuoza hapo, hata usiku wa baridi. Kwetu Uchagani kila kiungo cha mnyama kina mwenyewe, na nilijikuta nikiuliza moyoni kipi ni cha nani. Huku vyote vilikuwa vya miguu yetu.

Nyama isiyo na mfupa ya dume kama lile hufika kilo 90 hivi. Piga hesabu ya mpagazi. Mtu mmoja akibeba kilo 30 kwa mara, atakwenda na mzigo mara tatu na kurudi mtupu mara mbili. Kilomita tano mara tano ni 25. Akiingiwa na tamaa akabeba 45, atakwenda mara mbili na kurudi mara moja: kilomita 15. Hizo kumi za kuokoa ndizo zinazowaponza wenye magoti mazuri. Sisi tulikuwa wawili. Mzee alichukua kilo 15, mimi 30, na safari zikawa mbili.

Nilitia paja ndani ya shanta langu jipya. Likazama hadi chini, likaning'inia juu ya makalio kama mtoto aliyelala vibaya kwenye mbeleko. Kila hatua lilinivuta nyuma, nami nikainama mbele, mpaka nikawa natembea nikitazama viatu vyangu. Mkanda wa kiuno ulikuwa utepe wa mapambo. Nusu ya njia mshono wa bega la kushoto ukaachia, nikamalizia safari nimelikumbatia paja kifuani kama mwizi wa bucha.

Usiku ule, kwake kukiwa kunapambazuka, nilimpigia simu kaka aliyekuwa mkuu wetu wa wapagazi.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Nasikia siku hizi unabeba nyama. Kilo ngapi?”

“Thelathini.”

“Si nyingi. Uliziweka wapi?”

“Mgongoni.”

Akanyamaza kidogo. “Mgongoni wapi, mdogo wangu?”

Nimesoma mengi kuhusu mashanta tangu siku ile, na sijakutana na swali linalolipita hilo. Mwili wa mtu una mahali pawili tu pa kupokea uzito bila manung'uniko: utosi, ambako mzigo hushuka wima juu ya uti wa mgongo, na mifupa ya nyonga, ambako hukabidhiwa miguu moja kwa moja. Mabega kazi yake ni kuzuia mzigo usiyumbe. Ukiyapa uzito yatakuambia ukweli baada ya nusu saa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu, wale wakibeba kichwani, hawa kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mpaka mzigo ulipofika sehemu ya tano ya uzito wa mwili, miili yao haikutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Wanasayansi walishangaa. Bibi yangu asingeshangaa, ila angeuliza kwa nini hawakuwasaidia kubeba.

Mbona basi sikulitia paja kichwani? Nililitia, safari ya pili. Misonobari ya huku ina matawi ya chini, magogo yamelala hovyo, na mteremko ni wa mawe yanayoteleza. Kichwa kinahitaji njia, na wapiti haangukii njiani.

Ndiyo maana watu wa misitu na theluji waliitafuta fremu. Yule mtu wa barafu aliyepatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alpi, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikutwa na upinde wake, mishale yake, na fito iliyopindwa kama herufi U pamoja na vibao viwili vya kukingama. Wengi wa wataalamu wanaiona kuwa fremu ya kubebea. Lloyd Nelson, Mmarekani, aliazima kibebeo cha wenyeji wa Alaska, ngozi ya sili iliyovutwa juu ya vijiti, akakitengeneza upya kwa mbao na turubai, na mwaka 1924 akapata hataza yake. Kisha akaja Dick Kelty wa California. Mwaka 1952 alianza kuuza fremu za bomba la alumini alizozipinda mwenyewe nyumbani kwake, huku mkewe Nena akishona mifuko kwa cherehani. Inasimuliwa kuwa mlimani aliwahi kuchomeka ncha za fremu kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, akahisi mabega yamepata nafuu ghafla. Mkanda wa kiuno ukazaliwa na suruali. Mimi nampenda zaidi Nena. Kupinda bomba ni kazi ya siku moja, lakini mshono ndio unaokesha na mzigo.

Shanta la mwindaji lina shida ambayo la mpanda mlima halina. Mgeni wa Kilimanjaro anaondoka na kilo zake na kurudi na zilezile, pungufu ya chakula. Mwindaji anaondoka na kilo nane na kurudi na arobaini. Asubuhi anataka kitu chembamba, kisichokwaruza vichakani, maana nailoni ngumu ikigusa tawi husikika mbali na wapiti ana masikio. Jioni anataka punda. Fundi anatakiwa kumshona punda ndani ya paka.

Jibu walilolipata mafundi ni zuri hata kulitazama. Mfuko haukushonewa kwenye fremu. Umefungwa kwa mikanda. Ukiilegeza, mfuko unaachana na fremu, na katikati panafunguka pengo lenye kitako chake. Nyama inakaa humo, imebanwa kwenye fremu, karibu kabisa na mgongo, katikati ya mabega, haizami wala haichezi. Mikanda ikikazwa tena, mfuko unaikumbatia kwa nje. Na damu haifiki kwenye nguo zako. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Nyama, bahati mbaya, huvuja damu na kilo zake hubaki.

Kampuni moja iliyoanzia huku Colorado, inayoshona mashanta ya aina hii, inaitwa Kifaru. Ndiyo, kifaru yuleyule. Ilianzishwa mwaka 1997 na Patrick Smith, aliyekuwa ameanzisha Mountainsmith mwaka 1979. Mara ya kwanza kuliona neno lile limeshonwa mgongoni mwa Mmarekani msituni, nilimsalimia kwa Kiswahili. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Kule Bozeman, Montana, Dana Gleason alifanya kazi ya namna hiyo katika Mystery Ranch, akiwashonea wawindaji, wanajeshi na wazima moto wa misituni. Bei zao zitakukalisha chini. Nilikaa, nikafikiria paja lililokuwa kifuani, nikanunua moja lililotumika. La nani, sisemi, silipwi.

Msomaji anayekwenda kuchagua lake asianze na mifuko. Aanze na mgongo wake: ainamishe kichwa, apapase kile kifundo kinachotokeza chini ya shingo, na apime kwa utepe wa fundi cherehani kutoka pale hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Urefu huo ndio saizi yake. Urefu wa mwili haumhusu fundi. Mtu mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi, naye ndiye anayedanganywa dukani kila siku. Kisha aangalie kama fremu inapita juu ya mabega. Vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kwenye fremu havina kazi fremu ikiwa fupi, kwani haviwezi kuuvuta mzigo kwa juu, vinabaki urembo.

Halafu kitambaa. Utasikia wauzaji wakitaja 500 au 1,000. Hiyo ni denia: mita 9,000 za uzi mmoja zikipimwa, ndizo gramu zake. Kikubwa zaidi si lazima kiwe bora zaidi. Ni kizito zaidi, na chenye kelele zaidi. Mimi hutazama pembeni, pale mkanda unapoingia kwenye mfuko. Fundi mwaminifu amepita pale na cherehani mbele na nyuma mara nyingi, uzi umejazana kama kovu. Mvivu amepita mara moja akaweka zipu nzuri juu yake.

Mwisho, dukani waombe uzito. Duka linalojiheshimu lina mifuko ya mchanga kwa kazi hiyo. Kama halina, nenda na mchele wako wa kilo 25, na usione haya. Lifunge shanta, kaza mkanda wa kiuno kwanza, mabega baadaye, upande ngazi na kushuka mpaka muuzaji achoke kukutazama. Ukiweza kupenyeza vidole chini ya mikanda ya mabega huku mzigo umetulia, umeshapata jibu la swali la kaka yangu.

Na ukishalipata shanta, kuna swali la kipi kitangulie mgongoni. Alaska, ambako wanawinda musi, kulungu mkubwa kuliko wote duniani, sheria inakataa pembe zitangulie. Nyama yote inayolika itoke kwanza, na pembe zije na mzigo wa mwisho. Sheria hiyo naipenda kuliko maneno mengi ninayoyasikia juu ya heshima kwa mnyama, kwa sababu inaweza kupimwa kwa mizani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, tunasema. Hakimu wa Alaska haukubali usufi, anataka kilo.

Nikimaliza msimu huliosha shanta langu kwa maji baridi, maana maji moto huigandisha damu kwenye nyuzi. Kila mara nikiwa nimelikunja, sindano ya ngozi mkononi, nikikagua mishono, nawaona wenzangu wa Machame, viroba visogoni, shingo zimekakamaa, wamebeba juu ya vichwa mashanta yaliyobuniwa ili mtu yeyote asibebe hivyo tena.

Basi nina ombi kwa fundi wa Moshi au Arusha anayerekebisha mahema na mashanta ya kukodisha. Desemba nakuja nyumbani na shanta langu. Lifumue, upime fremu, uone pengo lile lilivyoshonwa, kisha unishonee moja la kilo 20, la kubebea kiroba, kwa mgongo wa kaka yangu. Doa lililo chini ya mkanda wa kushoto lisikutishe. Ni la wapiti, nami nimelisugua misimu mitatu.